Waliotumwa na Waliochaguliwa: Katika Njia ya Kiti cha Utete

Septemba 1965 wapiga kura wa Rufiji walimwangusha Bibi Titi Mohamed. Mwanamke aliyezunguka nchi akiitafutia TANU wanachama, akasimama jukwaani na Julius Nyerere tangu chama kikiwa kichanga, akawa waziri mdogo katika serikali huru, aliomba kura katika bonde hili akanyimwa. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza chini ya chama kimoja. Kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine nyumba, ili hata asiyejua herufi aweze kuchagua. Kwa karatasi ya kura mkulima wa mpunga alimrudisha nyumbani mmoja wa watu mashuhuri kuliko wote nchini.

Utete, makao makuu ya wilaya, alikuwapo mtu mwingine ambaye mkulima huyo hakuweza kumgusa. Mkuu wa wilaya hakuwa na jembe wala nyumba. Aliletwa na barua na angeondoka kwa barua. Na miaka mitatu baada ya uchaguzi ule, Rufiji ilipofurika, ni upande wa barua uliokata shauri watu wa bondeni wakaishi wapi.

Nimeifuata historia ya kiti hicho kwa kupita mahali kilipokaa, kutoka Mohoro na Ngarambe hadi Utete, kisha kurudi kaskazini hadi Kibiti. Nilitaka kuelewa kwa nini, katika bonde ambalo watu wake wamekuwa na kura kwa zaidi ya miaka 60, mambo mazito kuliko yote, yaani ardhi, mto na usalama, yamekuwa yakiamuliwa na mtu ambaye hawakumpigia kura.

Katika nchi za shirikisho mvutano wa namna hii umeandikwa ndani ya katiba zenyewe. India ina magavana wa majimbo wanaoteuliwa na serikali kuu, na mawaziri wakuu wa majimbo wanaotokana na kura. Mwaka 1957 wananchi wa Kerala waliichagua serikali ya kikomunisti ya E. M. S. Namboodiripad. Julai 1959, baada ya miezi ya maandamano na kwa taarifa ya gavana, serikali kuu iliivunja na jimbo likatawaliwa kutoka Delhi. Tanzania Bara haina majimbo yenye serikali zake. Ina wilaya na halmashauri. Hata hivyo, ukikaa kwenye benchi nje ya ofisi za Utete utaona pande zile zile mbili zikipishana mlangoni: aliyetumwa na aliyechaguliwa.

Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa unapita Mkuranga, Jaribu, Bungu, Kibiti na Ikwiriri kabla ya kuuvuka mto kwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya daraja palikuwa na kivuko cha Ndundu, na mvua kubwa zilipokuja kusini kote kulikatika. Nyamwage unaiacha barabara ya Kilwa na kushika njia ya kwenda Utete, mji mdogo ulio juu ya ukingo wa kusini wa mto. Ikwiriri ni kubwa zaidi, ina soko na pilikapilika. Utete ilikuwa makao ya serikali kwa sababu ya mto: enzi ambazo mtawala, barua na kodi vilisafiri kwa boti, hapa palikuwa pazuri. Mipango hiyo haikupangwa na Warufiji.

Kabla ya Utete, kiti kilikuwa Mohoro. Wajerumani waliweka ofisi yao huko, na chini yao wakawaweka maakida. Akida kwa kawaida alikuwa mtu wa pwani, anayejua kusoma na kuandika Kiswahili, mwenye askari nyuma yake. Alikusanya kodi ya nyumba iliyoanzishwa 1898, akasikiliza mashauri madogo, akatoa amri kwa majumbe wa vijiji. Koo za Warufiji na Wamatumbi hazikuwa na wafalme. Wazee wao waliheshimiwa kwa sababu walijulikana, na aliyepotoka alisemwa na jamaa zake. Akida hakuwa na jamaa pale wa kumsema. Aliyemwogopa alikuwa Mohoro, na wa Mohoro alimwogopa gavana wa Dar es Salaam.

Tangu 1902, chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, ukaongezwa mpango wa mashamba ya pamba ya lazima. Kila jumbe alitakiwa awe na shamba, watu wake wakalilima bila kuulizwa, na mapato yakagawanywa kati ya wafanyakazi, jumbe na waliosimamia uuzaji. Fungu la mkulima lilikuwa dogo kiasi kwamba wapo waliokataa hata kulipokea. Pamba hudai mikono wakati ule ule ambao mpunga na mahindi yanaidai. Mtu yeyote aliyewahi kulima bondeni angewaambia Wajerumani hivyo, lakini hapakuwa na baraza ambamo angeweza kusema na asikilizwe.

Walikosema ni Ngarambe. Tangu 1904 watu walimiminika kwa Kinjikitile Ngwale kutafuta maji ya dawa. Wasomaji wengi wanamjua kupitia tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya 1969, lakini Ngarambe ni kijiji halisi, ndani ya Wilaya ya Rufiji ya leo, na kwenda kule kwa miguu kutoka vijiji vya mtoni kulikuwa safari ya watu waliokuwa wameshakata shauri. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, miche ya pamba ikang'olewa. Akida wa sehemu hizo akakimbia. Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjikitile alinyongwa Mohoro, mahali penye kiti. Vita vya Majimaji vilivyofuata viliendelea hadi 1907. Wajerumani wenyewe walikiri vifo 75,000, na wanahistoria wa baadaye wamekadiria 250,000 au zaidi, wengi kwa njaa iliyoletwa kwa makusudi kwa kuchoma ghala na mashamba.

Mara nyingi Majimaji husimuliwa kama vita vya dawa na risasi. Nikisimama Mohoro naiona pia kama kesi ya kwanza ya bonde hili dhidi ya utawala wa wateule. Lalamiko lilianza kwa akida, mtu wa kati aliyejibu kwa walio juu peke yao.

Waingereza walipochukua nchi walijitahidi kutafuta machifu. Gavana Donald Cameron alileta sheria ya mamlaka za wenyeji ya 1926, akitaka Waafrika watawaliwe kupitia viongozi wao wa jadi. Mahali pasipo na machifu, kama Rufiji, viongozi hao walibidi kutengenezwa, na kwa vitendo maliwali na wasaidizi wao waliendelea kuwa watu wa kuteuliwa, chini ya DC, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, wa Utete. Sheria ya serikali za mitaa ya 1953, enzi za Gavana Edward Twining, ilifungua mlango wa mabaraza, lakini taratibu mno. Uhuru ulifika 1961 na mlango huo ukiwa nusu wazi.

Sehemu inayofuata huniuma, kwa sababu mwanzoni ilipendeza. Mwaka 1962 DC wa Kiingereza aliondoka na nafasi yake ikachukuliwa na mkuu wa wilaya wa Kitanganyika, mteule wa kisiasa, ambaye pia alikuwa katibu wa TANU wa wilaya. Tarehe 1 Januari 1963 mamlaka za machifu na maliwali zikakoma, zikabaki halmashauri za wilaya zenye madiwani waliochaguliwa. Kwa miaka michache Utete ilikuwa na viti viwili vya kweli. Halmashauri ilikusanya kodi, ikaendesha shule za msingi na zahanati, ikagombana kuhusu barabara. Mkuu wa wilaya alikuwa na serikali na chama mkononi. Viti hivyo havikuwa sawa, lakini vyote viwili vilikuwapo.

Kisha mto ukaja. Kulima Rufiji ni kulima na mafuriko. Maji hupanda bondeni yakaacha udongo mpya, na yanapopungua mkulima huyafuata nyuma akipanda mahindi na pamba katika unyevu uliobaki. Kilimo hicho chaitwa mlau. Mpunga hupandwa kabla, upate kukua na maji. Mafuriko ya kiasi ni baraka, yakikosekana ni njaa, yakizidi ni msiba. Watu walikaa humo humo bondeni, na shambani walijenga madungu, vibanda vya juu ya nguzo, wapate kulinda mazao dhidi ya nguruwe, nyani na viboko. Mafuriko ya 1968 yalizidi. Serikali ikatangaza kwamba watu wahamie maeneo ya juu, ng'ambo ya kaskazini zaidi, katika vijiji vipya ambavyo vingekuwa vya ujamaa. Ndiyo Operesheni Rufiji ya 1968 na 1969, mojawapo ya operesheni za mwanzo kabisa za kuhamisha watu nchini, miaka kadhaa kabla ya zile za 1973 hadi 1976 zilizogusa karibu nchi nzima.

Nia ilikuwa njema, nami nasema hivyo bila kigugumizi. Watu walipoteza vyakula na nyumba, na watoto walihitaji shule isiyozama. Lakini udongo mzuri ulibaki chini. Kijiji cha juu kilikuwa na mchanga, na shamba likawa mwendo wa saa kadhaa. Nilimuuliza mzee mmoja wa Mohoro, baada ya shikamoo na marahaba, walifanyaje.

"Tulihama, mwanangu," akasema. "Serikali ikisema hama, unahama. Msimu ukifika tunarudi kwenye dungu. Mpunga hauwezi kuhamishwa na mkuu wa wilaya."

Hivyo ndivyo watafiti waliopita hapa miaka ya 1970 walivyokuta: familia zimegawanyika, wengine kijijini, wengine bondeni kwa miezi mingi, mavuno yakiliwa na wanyama kwa kukosa walinzi. Madiwani wa Rufiji walikuwapo wakati huo. Walikuwa watu wa bonde hili, walijua mlau, walijua kila tuta. Lakini uamuzi wa namna ile haukupita kwao kama watu wenye uwezo wa kuukataa. Ulipita kwao kama tangazo la kwenda kusoma vijijini.

Mwaka 1972 hata nafasi hiyo ya kusoma matangazo iliondolewa. Serikali, kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, ilianzisha mpango ulioitwa madaraka mikoani. Halmashauri za wilaya zilifutwa kuanzia katikati ya mwaka huo, na kazi zao zikachukuliwa na mkurugenzi wa maendeleo wa wilaya na maofisa wake, wote wateule. Madaraka yalitoka kweli Dar es Salaam, lakini yalikokwenda ni kwa watumishi wa Dar es Salaam waliohamishiwa Utete. Kwa muda wa zaidi ya muongo mmoja hapakuwa na diwani hapa. Mwaka 1975 iliundwa RUBADA, mamlaka ya kuendeleza bonde la mto Rufiji, yenye jukumu la kupanga umeme wa Stiegler's Gorge, umwagiliaji na mengineyo, wakati ambapo bonde lenyewe halikuwa na chombo cha kuchaguliwa cha kuzungumza nayo.

Nyerere alikuja kulijutia jambo hilo. Mwaka 1984 alisema katika mahojiano kwamba kama angeanza upya asingefuta serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Ni viongozi wachache wanaosema hivyo wakiwa bado madarakani, na namheshimu kwa hilo. Sheria za 1982 zilizirudisha halmashauri, zikaanza kazi 1984, na ibara za 145 na 146 za Katiba zikazipa msingi. Utete ikapata tena baraza.

Kilichorudi, hata hivyo, kilirudi kikiwa na kamba miguuni. Mwenyekiti wa halmashauri huchaguliwa na madiwani. Mkurugenzi, ambaye ndiye katibu wa baraza na mwenye saini ya fedha, huteuliwa na Rais. Mkuu wa wilaya huteuliwa na Rais na ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama. Sheria ya tawala za mikoa ya 1997, katika vifungu vya 7 na 15, inawapa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48. Sheria ina masharti: pawe na kosa au hatari ya kweli kwa amani, sababu ziandikwe, mtu apelekwe mahakamani. Watanzania wameona madiwani, watumishi, waandishi wa habari na hata wabunge wakilazwa rumande kwa amri hiyo baada ya kubishana na mteule mkutanoni. Upande wa pili, madiwani wakimkataa mkurugenzi kwa kura, kura hiyo ni ombi. Mwenye kumhamisha ni yule yule aliyemleta.

Delta ya Rufiji ilionja ukubwa wa pengo hili miaka ya 1990. Kampuni ya African Fishing iliomba karibu hekta 10,000 kwa ajili ya ufugaji wa kamba, katika delta yenye msitu mkubwa kuliko yote wa mikoko Afrika Mashariki. Wataalamu wa Baraza la Taifa la Mazingira walishauri ombi likataliwe. Baraza la Mawaziri likalikubali mwaka 1997. Wavuvi na wakulima wa visiwani walikataa, wakafanya mikutano, na wakiungwa mkono na wanasheria wa mazingira wakaenda mahakamani. Mradi haukujengwa. Nawavulia kofia. Lakini angalieni njia waliyolazimika kupita: kutoka vijiji vya mikokoni hadi Mahakama Kuu, kwa kuwa hapakuwa na hatua yoyote katikati ambapo neno la waliochaguliwa lingetosha kuzuia.

Kibiti ilikatwa kutoka Rufiji ikawa wilaya yake katikati ya miaka ya 2010, ikachukua sehemu kubwa ya delta. Ilizaliwa katika wakati mbaya. Hadi 2017 makumi ya watu waliuawa Kibiti, Rufiji na Mkuranga: wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, viongozi wa CCM, askari. Tarehe 13 Aprili 2017 polisi wanane waliuawa karibu na Jaribu. Muuaji hakubagua mwenyekiti aliyechaguliwa na jirani zake na mtendaji aliyeajiriwa. Wengi waliobaki hai walihama nyumba zao, na serikali ya kijiji, ile ngazi moja ambayo mtu wa kawaida hukutana nayo kila wiki, ikawa mahame. Iliundwa kanda maalumu ya kipolisi. Tarehe 21 Novemba 2017 mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiripoti mauaji hayo, alichukuliwa Kibiti na hajaonekana tena. Katika miezi hiyo yote usalama ulikuwa mikononi mwa kamati za wateule. Mwenyekiti wa kijiji aliyekuwa akiwindwa hakuwa na kiti ndani yake.

Majirani wameupitia mvutano huu kwa namna zao. Kenya ilipata uhuru 1963 na katiba ya majimbo, Ronald Ngala akiwa rais wa Jimbo la Pwani. Serikali kuu ilichelewesha fedha na madaraka, chama chake cha KADU kikajivunja Novemba 1964, na mwezi uliofuata jamhuri ikaanza bila majimbo, wakuu wa mikoa wakirudi na nguvu zao zote. Katiba ya 2010 iliwapa Wakenya magavana wa kuchaguliwa katika kaunti 47. Hata kabla ya magavana kuchaguliwa, Mei 2012, Rais Mwai Kibaki aliteua makamishna wa kaunti. Mwezi uliofuata Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliufuta uteuzi huo, lakini cheo kikabaki, na tangu 2013 gavana na kamishna wanaishi katika kaunti moja. Tofauti na Utete ni kwamba gavana wa Kilifi au Lamu ana bajeti, wafanyakazi na bunge lake. Kamishna hawezi kumweka kando. Kongo imekwenda upande mwingine. Tangu Mei 2021 Kivu Kaskazini na Ituri zimekuwa chini ya hali ya dharura, mabunge ya majimbo yamesimamishwa na magavana ni wanajeshi walioteuliwa Kinshasa. Wananchi waliambiwa ni kwa muda mfupi.

Hapa kwetu mzozo umefika hata kwenye sanduku la kura. Wakurugenzi wateule ndio waliosimamia uchaguzi majimboni. Mei 2019 Mahakama Kuu, katika kesi ya Bob Chacha Wangwe, iliona jambo hilo linavunja Katiba. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikatengua. Fikiri maana yake Utete: anayeajiriwa kwa uteuzi ndiye aliyekuwa akitangaza nani amechaguliwa.

Aprili 2024 maji yalirudi. Mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti zilizama, Mohoro ikiwa mojawapo, miezi michache baada ya bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, kuanza kuzalisha umeme. Serikali ilieleza kwamba bwawa lilipunguza makali. Wananchi wengi walilitazama bwawa kwa jicho jingine. Na mazungumzo ya kuhamia juu yakaanza upya, karibu miaka 56 baada ya Operesheni Rufiji. Mbunge wa Rufiji wakati huo, Mohamed Mchengerwa, ndiye aliyekuwa waziri wa TAMISEMI, wizara inayosimamia wakuu wa mikoa, wakuu wa wilaya na halmashauri zote. Haijawahi kutokea bonde hili liwe karibu hivyo na mwenye kalamu.

Ninachokitaka kwa Utete hakihitaji kuvunja nchi vipande. Vifungu vya saa 48 vifutwe, polisi na mahakama zinatosha. Mkurugenzi aajiriwe kwa usaili wa wazi, baraza lithibitishe na liweze kumwondoa. Mwenyekiti wa halmashauri awe mjumbe kamili wa kamati ya ulinzi na usalama. Na pakitokea tena shauri la kuhamisha watu wa bondeni, au la kufungua na kufunga milango ya bwawa katika msimu wa mlau, lisipite bila kura ya madiwani wa Rufiji na Kibiti, ikapigwa hadharani, kwa majina, ili msimu ukiisha wakulima wajue nani wa kumrudisha nyumbani.